Uchaga wa Mawinguni

Magarini, 3 Machi

Mwanangu Bridgit,

Hujambo? Sisi wazima, ila goti langu lanidanganya kila asubuhi.

Babako sasa ni fundi wa simu, Magarini nzima yaja kuniuliza. Haya, uongo: alikuja Menza wa nyumba ya pili peke yake, tena kuchaji.

Lile wingu la kuhifadhia picha na sauti ulilonifungulia simuni nimelielewa. Ni uchaga. Mahindi yakishapanda juu, chini wafagia. Na kwa vile uchaga wa mji, boma zima, ni mmoja, nimewapa wote neno la siri. Menza ametia picha za pikipiki zake, shangazi yako Mueni ametia za matanga ya mwaka mzima. Sasa limejaa, na simu haipokei ujumbe, ndipo nimeshika kalamu. Nifagie?

Babako

Mombasa, 9 Machi

Shikamoo baba,

Natumai goti limetubu. Nakupigia, simu imezimwa. Mbona?

USIFAGIE! Wingu si uchaga. Ukifuta chini, na juu kwafutika. Sauti ya marehemu mama imo humo, ile moja tu tuliyo nayo, akikugombeza kwa sababu ya mbuzi. Watoe hao wote, kisha uchague: nilipie nafasi zaidi kila mwezi, au ninunue diski uifungie kabatini, au kile kisanduku cha kuhifadhia nyumbani kwa waifai.

Mwanao Bridgit

Magarini, 17 Machi

Mwanangu,

U mzima? Mimi sijijui.

Kisanduku chataka stima, na stima yetu huja kama mgeni. Diski wataila panya. Kulipa kila mwezi, nimpangie chumba mke niliyemtolea mahari?

Nacheka tu. Barua yako ilinikuta nimeshafagia. Mamako chini hayuko, juu hayuko. Simu nimeizima kwa haya.

Babako

Mombasa, 22 Machi

Baba!

Shikamoo, ingawa leo hustahili. Kilichofutwa hukaa kwanza kwenye pipa la taka la wingu. Nimemtoa mama humo. Nafasi nimelipia, na nakala nimeweka kwenye diski, iko kwangu. Neno la siri nimebadilisha, wala sikupi!

Mwanao

Magarini, 30 Machi

Mwanangu,

Salamu, na ahsante. Mke wangu Kadii pipani! Angesikia, ningelala nje.

Neno la siri kaa nalo. Lakini mbuzi wako nilimchunga ukame wote, ukaahidi kunilipa fadhila, ukasema, "Baba, iko siku yako." Basi ni Jumapili, barua hii ikishakufikia. Simu nimeiwasha. Piga, umweke mamako karibu na simu, sauti yake inigombeze mpaka mwisho. Safari hii sitamkatiza kauli.

Babako