Nafasi Moja Botini

Chovae, 4 Februari 2010

Mwanangu Ghalib,
Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila magoti tu. Wajukuu wamepona kikohozi?

Waniita nihamie Mombasa. Ni kweli, wale vijana wa bunduki kutoka Kisimayu wamebomoa kaburi la babu yako kwa sururu, wasema twaliabudu. Matari ya maulidi wameyachoma. Na dadako Khamisa, kwa ukaidi wake, bado awafundisha wasichana kasida chumbani, kwa sauti ya chini. Namkataza, hasikii la mtu. Lakini kitovu changu kimezikwa hapa. Sitoki.
Mamako

Mombasa, 20 Februari

Mama, nakuamkia. Huku wazima, watoto wamepona.

Kumbe ukaidi si wa Khamisa peke yake. Nahodha Fumo atapita huko mwezi ujao. Boti imejaa, imebaki nafasi moja, nimempa jina lako. Wewe mtu mzima, tangulia. Khamisa nitamleta safari ya pili. Usinibishie.
Mwanao

Chovae, 2 Mei

Mwanangu, hujambo? Mbona kimya hivi?

Usinikasirikie. Siku Fumo alipotia nanga, wale vijana walikuwa wamekuja asubuhi wakimuuliza Khamisa kwa jina. Wangemchapa mbele ya watu, au wangemwoza kwa mmoja wao. Nikamvika buibui langu, nikamwambia akiulizwa aseme yeye ndiye mimi. Hakutaka kuniacha. Nikamfokea mpaka akapanda. Hilo laniuma, kuagana na mwanangu kwa kumfokea. Mwambie aniandikie mwenyewe.
Mamako

Mombasa, 25 Mei

Mama, barua yako nimeipata. Nimeibusu, nimelia mbele za watu. Alhamdulillahi, u mzima.

Mke wangu Sabah akusalimu, na watoto, na jirani yetu Bakri. Mvua huku ni nyingi. Njoo, mama. Ukifika Burgao kuna mtu wangu atakupokea. Njoo upesi, nakuomba.
Mwanao

Chovae, 15 Juni

Ghalib,
Natumai mu wazima. Barua yako nimeisoma, nikaigeuza nyuma, nikaisoma tena. Wamenisalimu wote, hata jirani nisiyemjua. Khamisa hana salamu. Na wewe ulililia nini, kupata barua ya mama uliyejua yuko kwake?

Usinifiche, baba. Niambie tu kama mmemsomea khitma. Hapa hata khitma wameikataza, lakini nataka kujua kwamba huko amesomewa.
Mama

Mombasa, 1 Julai

Mama,
Nisamehe. Boti ya Fumo ilizama karibu na Kiunga, hakutoka mtu. Tuliambiwa majina ya waliokuwamo, na lako lilikuwamo. Tukakaa matanga, tukasoma khitma, watu wakajaa mpaka barabarani. Shekhe alipouliza jina la marehemu, mimi ndiye niliyejibu.

Tulikusomea wewe, mama. Khamisa hajasomewa na mtu.
Ghalib