Sauti Ndani ya Migomba

Mjukuu wangu Neema,

Salamu kutoka Kanyosha. Usicheke mama anayenyonyesha akijiita bibi. Babako ni mtoto wa dadangu mkubwa, basi heshima yangu iko palepale. Mutoto anaota meno, hatulali, lakini tuko wazima.

Umeuliza kama niliogopa kutembea na kombi wakati wa vita, kabla sijaolewa. Tulikuwa marafiki wanne, godoro nyuma, milima kushoto, ziwa kulia. Njaa ilipotushika tukasimama penye nyumba tatu. Milango wazi, bugali unafuka moshi juu ya mkeka, mutu hakuna. Hata kuku walikuwa kimya.

"Hodi!" rafiki yangu Salima akaita. Akarudia, "Hodi wenyewe!"

Ndani ya migomba kasauti ka mutoto kakaitikia, "Karibuni!" Kisha kakakatika, kama mdomo umezibwa na mkono.

"Tumekaribishwa, tule," akasema Saidi, dereva wetu.

"We nyamaza," nikamwambia. "Wamesikia gari, wametukimbia sisi."

Niliogopa, ndiyo. Lakini pale wa kuogopwa tulikuwa sisi. Tulirudi garini polepole, mikono wazi waione, tukaondoka bugali wao ungali moto.

Bibi yako mdogo