Albadiri ya Alizeti

Chemba

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Nakuombea barua hii ikukute mzima huko Kondoa, wewe na mwanao Khairat, na kifua kiwe kimekuachia. Sisi tunapumua tu, na mama analalamika hupigi simu. Haya ninayoandika yangesemeka kwa simu, ila nimeogopa kukusikia ukinyamaza.

Unakumbuka nilivyowachosha na habari za wakulima wa Marekani wa zamani, nilizosoma chuoni Chimwaga? Wale wa pamba na ngano, waliochoka kupangiwa bei, wakaungana wauze pamoja, hata wakaunda chama chao cha siasa. Mumeo Abdulrahim, Mungu amrehemu, alinitania kwamba nikifa nikazikwe Kansas. Lakini tulipoanzisha umoja wetu wa alizeti, wa kwanza kujiandikisha alikuwa yeye.

Mwaka juzi tulikubaliana kwa siri kupakia mzigo wote siku moja, tukaukamue wenyewe kiwandani Kizota, walanguzi wabaki na mizani zao. Malori yakazuiwa njiani wiki mbili, mvua ikanyesha, alizeti ikaoza. Nani katuuza? Kwa kuwa shemeji aliwahi kuwa dalali wa walanguzi, vidole vyote vikaenda kwake. Aliapa, wapi! Basi ikasomwa albadiri, impate aliyetoa siri. Shemeji alikaa ubavuni kwangu, akaitikia amin kwa sauti kuliko wote.

Arobaini haikupita, akaanguka shambani. Waliokuja kuzika unawajua, hawakujaa mkeka mmoja. Wakasema albadiri haikosei nyumba.

Tangu hapo namsikia, dada. Nikitawadha, anakohoa kile kikohozi chake nyuma ya ukuta. Nikihutubia mkutano, naiona kofia yake safu ya tatu, na watu wamekaa huku na huku wakapaacha pale wazi. Mke wangu Stara anasema ni majonzi. Laiti yangekuwa majonzi!

Mwisho wa wale Wamarekani sikuwahi kuwasimulia. Chama kikubwa kiliwabembeleza, wakamkubali mgombea wake, wakamezwa. Niliusoma mwisho huo kwa macho yangu haya, na bado wakubwa wa chama, wanaokula na walanguzi, waliponijia na ahadi ya udiwani, niliwatajia siku na njia ya malori. Ni mimi, dada. Abdulrahim hakumuuza mtu. Niliitikia amin juu ya kichwa changu mwenyewe, na sijui kama albadiri ilikosea nyumba au bado iko njiani.

Juzi nimetangazwa kupita bila kupingwa. Walinibeba mabegani, nikaona aibu kushuka. Ijumaa baada ya swala nitasimama msikitini niyaseme haya. Wakinipiga, wanipige. Nilitaka uyasikie kwangu kwanza.

Wasalimie majirani wanaokutunza. Msamaha siuombi kwa karatasi, nitakuja mwenyewe, na mlango ni wako, ufungue au usifungue. Ila nasikia Khairat anajiandikisha shuleni kwa jina la babu yetu ili asiulizwe. Mwambie mjomba wake anamwomba alirudishe la baba yake.

Mdogo wako,
Nurdini