Viungo Vyote Vilielekea kwa Baba

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na zikukute mzima wa mwili na moyo. Sisi huku tunaendelea. Goti la Baba bado linamsumbua akipanda ngazi, na mimi ni yule yule, mdomo mbele akili nyuma. Barua hii nimeituma kazini kwako, si nyumbani, na sababu utaiona. Ndani ya bahasha umekuta kitu kidogo nilichokizungushia karatasi na gundi. Nakuomba usikifungue kwanza, ingawa najua tangu utotoni wewe huanza hadithi kwa ukurasa wa mwisho.

Dada, sijielewi. Nakula bila kuhisi ladha, naanza kusema jambo nasahau lilikuwa jambo gani. Ngoja nikueleze taratibu, maana limeanzia kwenye kazi yangu.

Unakumbuka nilikwambia kwenye simu kwamba natengeneza tovuti ya mafundi na wataalamu wa mji wetu. Mtu anafungua ukurasa, anaona orodha: fundi bomba, mshona nguo, mkunga, wakili, kila mmoja na mstari wake. Pembeni ya kila jina kuna kiungo cha kubonyeza kilichoandikwa "Mwandikie". Ukibonyeza, unaandika shida yako, na ujumbe unaingia kwenye simu ya mhusika. Baba alinizungusha sana kabla ya kukubali kuingia. Alisema mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake hana muda wa kusoma orodha, atapiga kelele tu. Alipokubali, wengine wote walikuwa wameshaingia, kwa hiyo fundi makufuli wetu akawa wa mwisho kabisa. Nilijaribu kiungo chake kwanza, simu yake ikalia pale pale mezani, nikajipongeza, nikaenda kulala usingizi wa mtu mwenye akili.

Sifa zikaja, na mimi unanijua kwa sifa. Watu walisema ukiandika asubuhi, fundi yuko mlangoni kwako kabla ya jioni. Nikaanza kutembea kifua mbele.

Halafu juzi mshona nguo alipanda mpaka ofisini kwangu, pale juu ya duka la fotokopi. Alikuja na malalamiko, lakini kwa upole. Aliniuliza kwa nini namtesa mzee. Sikumwelewa. Akasema kama nina teknolojia ya kupeleka ujumbe kwenye simu, basi niitumie, kuliko kumtuma baba yangu mwenye goti bovu apande ngazi zake kila siku kumwambia nani anataka gauni na nani anataka kupunguziwa suruali. Nilicheka, nikidhani ananitania. Hakuwa anatania. Nikampigia fundi bomba, naye akasema hivyo hivyo, tena akaongeza kwamba huyo mzee wetu wa kupeleka habari tumnunulie viatu.

Nikafungua kazi yangu na kuikagua mstari kwa mstari. Dada, kosa nililiona. Ukurasa ule unatengenezwa na Java, lugha ya kuiamrisha kompyuta, ambayo inaipitia orodha jina kwa jina, na kila mzunguko inaandika mstari wa mtu mmoja pamoja na kiungo chake cha JavaScript, lugha nyingine inayofanya kazi mtu anapobonyeza. Nilitakiwa kuandika namba ya kila mtu ndani ya kiungo chake mwenyewe. Mimi nikakiacha kila kiungo kiende kuitafuta namba wakati mtu anapobonyeza. Ni kama mwenyeji anayewaambia wageni mmoja mmoja kwamba nyumba yako ni ile ninayoinyooshea kidole. Wageni wanaondoka baadaye, kidole kimeshatulia kwenye nyumba ya mwisho, na wote wanakwenda huko. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Baba. Aliyemwandikia mkunga alimwandikia Baba. Aliyemwandikia fundi bomba alimwandikia Baba. Mimi nilijaribu kiungo kimoja tu, na kilikuwa ndicho pekee kilichokuwa sahihi.

Nilikwenda mbio karakana kwa Baba. Nilimkuta amekaa kwenye kile kibao chake, kitasa kimefumuliwa mbele yake, miwani imeshuka puani. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwamba anapokea ujumbe wa mji mzima. Alinishangaa. Alisema alidhani ndiyo kazi niliyompa. Alidhani nimemwonea huruma kwa upweke wake tangu mama afariki, nikamtafutia shughuli ya kumtoa nje, ya kupokea shida za watu na kuzifikisha kwa mafundi, ambao wote anawajua. Alisema alitaka kunishukuru ila hakupata nafasi. Dada, nilikosa pa kuuweka uso wangu. Ile kasi niliyosifiwa yote ilikuwa miguu ya Baba.

Nilipoanza kuomba radhi, alininyamazisha kwa mkono. Akasema kuna ujumbe mmoja hakuupeleka siku ile ile kama mingine, maana miguu ilikataa. Akanipa simu.

Dada, nimeusoma. Nisamehe. Uliuandika kwa wakili, ukiamini unafika kwa wakili, na uliingia kwa Baba kwa sababu yangu. Hukuweka jina. Uliomba usijibiwe kwa simu kwa kuwa mumeo anaikagua. Ulieleza mkono wako ulivyovunjika, ule uliotuambia uliteleza bafuni. Uliuliza kama mwanamke asiye na pa kwenda anaweza kudai talaka, maana nyumbani kwenu huwezi kurudi; siku ulipoondoka kuolewa, baba yako alikuambia ukivuka kizingiti cha nyumba yake usahau kwamba kina mlango. Baba aliyatambua maneno hayo kwa sababu ni yake mwenyewe.

Shemeji alinipigia simu hivi karibuni akinitania kuhusu kitambi changu, na wewe nilikusikia nyuma yake unacheka. Nakirudia kicheko kile kichwani na kila mara kinanisikitisha zaidi. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani kwanza, yeye, Baba, au mimi niliyeamini habari ya bafuni.

Baba alisema alikaa na ujumbe ule mpaka kesho yake, halafu akapanda ngazi kwa wakili, ghorofa ya juu kabisa, akipumzika kila kona. Hakujifanya mpeleka habari safari hiyo. Alimwambia wakili kwamba yeye ndiye baba wa mwandishi, na ndiye aliyesema maneno yale. Wakili alijibu kwamba kukosa nyumba hakumzuii mtu kudai talaka, na kwamba uje tu, ukiweza njoo na cheti cha ndoa, usipoweza njoo mikono mitupu. Atakupokea siku yoyote.

Kisha Baba alirudi nyumbani akafanya kazi ambayo sikuijua mpaka aliponionyesha. Mashine na mabati yote aliyokuwa amerundika chumbani kwako ameyatoa. Mlango ameupiga randa, maana ulikuwa unakwama. Ameweka kitasa kipya alichokiunda mwenyewe. Nikamwuliza kwa nini asikupigie kabla ya yote haya. Akasema ulimi hauna mfupa, uliteleza siku ile ukakuumiza, na sasa haujui uanzie wapi. Ndiyo maana alianza na mikono. Kisha akageukia kitasa chake, na mabega yake yakawa yanatikisika. Sijawahi kumwona Baba akilia, Dada, hata kwenye msiba wa mama.

Sasa fungua kile kikaratasi.

Ni ufunguo wa chumba chako. Nilimwuliza Baba kama amebaki na wa akiba, akanitazama kama mjinga, akasema fundi makufuli hachongi ufunguo wa pili mpaka mwenye chumba aagize. Ni huo mmoja tu duniani. Ukimaliza kusoma, ichane barua hii, lakini ufunguo uweke mahali ambapo mkono wa mtu mwingine haufiki. Ukiwa tayari, mpigie mshona nguo kwa simu ya kazini, umwulize tu kama gauni liko tayari; nimeshapanga naye, ataniarifu, na mimi nitakuja kukuchukua na gari la kukodi, mchana kweupe.

Baba anakusalimu sana. Tangu nirekebishe tovuti simu yake imekaa kimya, na jana aliniuliza kama nimemfukuza kazi. Kila kiungo sasa kinakwenda kwa mwenyewe. Cha Baba sikukigusa, kwa sababu chenyewe hakikuwahi kukosea.

Akupendaye siku zote,
mdogo wako,
Kiherehere