Nani Alimjibu Bwana wa Masomo?

Wanangu,

Maharage yako jikoni, yapasheni moto taratibu. Mlango wa nyuma utieni komeo, kitasa kimelegea. Mimi nimewahi kiwandani, sare za shule zinachukuliwa leo.

Asubuhi mkiwa mmelala alipiga simu yule bwana wa masomo ya likizo ng'ambo. Nikamwambia bado sijaamua kama binti ataenda. Akacheka. "Mama, mbona mzee wa nyumba alishakubali? Tumeongea naye kwa simu juzi tu. Mtu mpole kweli!"

Nilikaa kitako. Baba yenu tulimzika mwaka jana.

Kwanza nilimwona tapeli. Kisha nikafungua droo, nikakuta simu ya marehemu imejaa chaji, na mimi sijaigusa tangu msiba.

Binti, sauti yako nyembamba kama kinanda haidanganyi mtu. Lakini wewe kaka mtu, tangu sauti yako iwe nzito, shangazi yenu akikupigia hutaja kwanza jina la marehemu, ndipo akusalimie. Mnadhani sioni? Kikulacho ki nguoni mwako.

~~Safari hakuna, msiniulize tena.~~ Safari tutaizungumza nikirudi. Pasipoti nimeondoka nayo, msihangaike kuitafuta.

Binti, kama ulitaka kuikimbia nyumba hii kwa likizo moja, ungeniambia. Hata mimi huitamani barabara.

Kaka mtu, usilale kabla sijafika. Sikuchapi. Nataka uniite jina langu mara moja, kwa sauti uliyomjibia yule bwana.

Mama yenu