Shikamoo ya Kwenye Simu

Jumatatu, 9 Juni

Maharage ya hotelini yamechelewa kuiva. Kuni mbichi. Madereva wawili wa semi wameondoka bila kula, wameenda kwa jirani. Editha amefunga shule, yuko nyumbani, ananisaidia kwa mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika simu yangu. Anacheza ule mchezo wa bunduki. Wako wanne timu moja, kila mtu yuko kwao, na wanaongea. Sipendi ile milio. Nilikuwa mtoto Kasulo, huko Ngara, wakati kambi ya Benaco imejaa wakimbizi, najua watu waliokimbia bunduki wanafananaje. Hawarukiruki vile.

Redio imesema simu zinatusikiliza hata kama kioo kimezimwa. Mama Zuhura wa duka la vitenge hapo pembeni akasema kama inasikiliza hapa, basi imeshachoka na ugomvi wetu wa nyanya. Akasema tena mbona yeye anatusikiliza miaka yote na hajaandikwa kwenye habari. Tulicheka. Mimi sikucheka sana. Baba Editha yuko machimboni Geita, tunalala wawili tu.

Alhamisi, 12 Juni

Editha aliacha simu mezani akaenda bombani. Mchezo hakuufunga. Simu ikasema, "Shikamoo mama." Sauti ya kijana, ya upole.

Shikamoo haiachwi hewani. Nikaitika marahaba. Nikamuuliza ni wa nani. Akasema ni mtu wa Ngara ila amekulia mbali, kwao hapajui vizuri. Na mimi je? Nikamwambia kama tunavyoambiana sisi. Ukoo, baba, babu, kilima cha kwetu Kasulo, nilikoolewa. Kwetu asiyetaja hayo anaficha jambo. Nikaenda mpaka hoteli yangu ya mlango wa bluu hapa Lusahunga, mpaka Editha, kidato cha pili, mtoto wangu wa pekee. Akasema basi mimi ni shangazi yake. Ukoo mmoja. Nilifurahi jamani.

Editha aliporudi nikamwambia umepata binamu. Akakunja uso. Akasema kwenye mchezo hakuna anayetumia jina lake, huyo anajiita Chui Mweusi, na yeye huwa hapendi kuongea naye. Nikamgombeza. Nikamwambia ndugu hakataliwi.

Jumapili, 15 Juni

Misa nzuri. Baadaye kwenye jumuiya mwalimu mmoja akazungumzia simu. Jina kamili, shule, unapoishi, usimpe mtu usiyemjua. Akasema siku hizi hata sauti ya mtu inaigwa na kompyuta. Wazee wakaguna.

Mimi nikasema moyoni, sasa mtu utamjuaje kama hamtajiani? Naona bado nina haki.



Jumanne, 17 Juni

Nimekuta begi la Editha limepangwa. Gauni la kanisani, viatu, mafuta ya kujipaka.

Editha anasema binamu anakuja Ijumaa. Anampeleka Mwanza kwenye mashindano ya mchezo, washindi wanapewa simu mpya. Eti amemwambia, mama yako ni shangazi yangu, hawezi kukataa. Nimesema haendi. Mtoto akaniangalia.

"Mama, si wewe uliyesema ni ndugu?"

Ni mimi. Yeye alikuwa anamkwepa, mimi ndiye niliyemfanya ndugu.

Nimempigia kaka yangu Kasulo. Hamjui. Ila anasema ukoo ni mkubwa, wengine walipotelea huko Mwanza zamani. Baba Editha hapatikani. Nikimkatalia mtoto kwa maneno matupu atatoroka. Nakijua hicho kichwa, ni changu.

Naogopa. Naandika hivi hivi, naogopa.

Jumatano, 18 Juni

Maharage yameungua. Mara ya kwanza mwaka huu.

Mama Zuhura anasema tumfungie mtoto ndani. Nimekataa. Mlango utamzuia Ijumaa, Jumamosi je? Nataka aone mwenyewe. Nimefikiri sana wakati nasugua sufuria. Huyo mtu nilimpa kila kitu isipokuwa kimoja, na sikumficha, huwa tu hatukitaji. Mtu wa ukoo wetu hali kamongo, yule samaki wa matopeni. Ni mwiko. Hakuna anayekuambia, unakuta tu kwa bibi yako hailetwi. Hata Editha, ambaye ni wa ukoo wa baba yake, hajawahi kuiona jikoni kwangu na anajua kwa nini.

Mama Zuhura ataipika kwake. Mimi siigusi.

Ijumaa, 20 Juni

Amekuja.

Si kijana. Ana mvi kidevuni. Viatu vizuri, havina vumbi, ina maana gari limemshusha karibu. Sauti ni ile ile ya upole. Akanipa shikamoo, mtu mzima kama mimi. Akataja babu yangu, baba yangu, kilima. Maneno yangu yale yale, kwa mpangilio ule ule.

Mwenyekiti wa kitongoji nilikuwa nimemwambia mapema. Alikaa kati ya madereva na soda yake.

Nikasema mgeni hakai na njaa. Editha alikuwa ameketi mbele yake, begi miguuni. Mama Zuhura akaleta sahani mbili. Akamwambia, "Baba, hii kuku, hii kamongo, jisikie nyumbani."

Akavuta kamongo. Akasema samaki wa nyumbani hawana mfano. Akala. Akaramba na kidole.

Sikumwangalia yeye, nilimwangalia mwanangu. Aliangalia ile sahani, akaniangalia mimi, akaiangalia tena. Akalivuta begi taratibu mpaka chini ya kiti chake, akainuka, akaja kusimama nyuma yangu. Akanishika kanga.

Ndipo nikamuuliza, "Wewe ni wa nani?"

Akaanza tena na babu yangu. Nikamwambia huyo ni wangu, taja wako. Madereva wakaacha kutafuna. Mwenyekiti akamwomba kitambulisho. Akasema kiko kwenye gari, akatoka kukichukua, akapanda bodaboda ya kwanza. Kunawa hakunawa.

Polisi wameandika namba ya simu aliyompa Editha. Haipatikani tena. Wamesema watafuatilia. Sawa.

Editha ameosha vyombo vyote bila kutumwa. Ile sahani Mama Zuhura ameondoka nayo.

Jumapili, 29 Juni

Mvua hakuna, vumbi tupu. Biashara nzuri.

Editha ameanza kucheza tena. Sikumkataza, nilidhani nitamkataza. Amefunga sauti, anacheza na wasichana wawili anaosoma nao. Simu yangu ameiwekea neno la siri. Kaniambia nichague, lisiwe jina la baba wala Kasulo. Nimechagua. Hapa siliandiki.

Mchana simu iliita, namba ngeni. Shikamoo shangazi. Nikaitika marahaba, shikamoo bado haiachwi hewani. Kisha nikamuuliza ni wa nani. Akasema, "Shangazi, hunijui? Ni mimi, wa kaka yako. Nimebadilisha laini."

Nikamuuliza sisi hatuli nini.

Alicheka sana. Akauliza kama naumwa. Nikasubiri. Akajibu.

Nikamuuliza habari za nyumbani.