Breki Zile Ni Zangu

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mwanangu Kasuku,

Hujambo, mama? Mkwe wangu hajambo? Na mjukuu wangu Bibi Mdogo, kile kifua chake kimepona, au bado anakohoa na kukataa dawa? Mimi mzima, isipokuwa magoti yananinung'unikia kila nikipanda ngazi. Baba yako anakula kama mtu aliyetoka kulima. Kuhusu afya yake lipo jambo, nami nitalifikia. Usirukie mwisho wa barua kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya hadithi.

Barua hii anakuletea jirani yetu nesi, anayesafiri kesho kutwa kuja huko. Ningeweza kupiga simu, lakini unajua ile ya Jumatano tulivyoimaliza: wewe ukilia, mimi nikifoka, na baba yako amejifungia bafuni akijifanya anaoga. Tena siku hizi simu inazungumza na gari, gari linazungumza na simu, na mimi sijui tena nani anamsikiliza nani. Nimeona heri karatasi.

Ulisema baba yako amezeeka na hataki kukubali. Ulisema ripoti ya gari inayokujia kila Jumatatu imehesabu breki za ghafla kumi na tisa kwa wiki moja, ikampa alama hamsini na nne kwa mia, kisha Jumamosi gari likaingia mtaroni. Ukasema mwisho wa mwezi huu utalizima kwa simu yako huko huko, lisiwake tena.

Mwanangu, breki zile ni zangu. Baba yako hajagusa usukani tangu Novemba. Anayeendesha ni mimi.

Najua umesimama. Kaa.

Unakumbuka alivyokuwa akifundisha pale shule ya udereva? Hakuwa na kelele. Alikuwa na kalamu yake, na akiigonga kwenye dashibodi mara moja tu, mwanafunzi anasimama papo hapo, hata kama mbele hakuna sisimizi. Alifundisha hivyo miaka thelathini na moja, na nusu ya madereva wa mji huu wameipitia kalamu ile, hadi dereva wa gari la wagonjwa. Basi sasa ni zamu yangu. Tunakwenda uwanja wa zamani wa mpira, hatua chache kutoka getini, ambako hakuna mtu, naye anagonga, nami nasimama. Mashine inahesabu, inakuandikia wewe kwamba kuna mzee anakaribia kuua watu. Zile kumi na tisa, mwanangu, nilipongezwa kwa kila moja.

Zulia la upande wake limechakaa pale mguu wake unapokanyaga breki isiyokuwepo. Gari la shule lilikuwa na breki mbili, hili lina moja, na mguu wake haujakubali habari hizo.

Sasa lile jambo la afya. Mwaka jana mwezi wa Novemba tulikuwa tunarudi kutoka sokoni, barabara tupu, jua kali. Mtu wa baiskeli akatokea upande wa kushoto, na baba yako hakumwona. Hakumwona kabisa. Yule mtu alipita salama, akatutukana, akaenda zake. Baba yako akaegesha, akazima gari, akachomoa funguo na kuniwekea mkononi. Alisema hatamwendesha mtu tena. Tukamwita mdogo wako fundi wa friji aje aturudishe, tukamdanganya kwamba nimepata kizunguzungu na baba yako ananishikilia.

Daktari wa macho alisema la kushoto limeharibiwa na presha ya macho, halitarudi. La kulia lina mtoto wa jicho, na hilo linaweza kusafishwa. Nilitaka kukupigia siku ile ile. Akaniapisha nisikuambie. Alisema utaacha kazi na kupanda ndege, kama ulivyoacha masomo nilipolazwa mimi, na mwaka mzima ukapotea. Nikaapa. Leo asubuhi nimemwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba nakuandikia yote. Alinuna hadi chai ikapoa. Kisha akaingia chumbani akaniletea kalamu yake.

Mtaro nao ni wangu. Mguu huu umekanyaga cherehani miaka arobaini, na cherehani ukitaka imalize mshono unazidi kukanyaga. Siku ile pale uwanjani mbuzi alikatiza, kalamu ikagonga, mimi nikababaika na kukanyaga mafuta badala ya breki. Tukajikuta pua ya gari imeinama mtaroni na baba yako amekumbatia mkoba wangu.

Hapo ndipo gari likasema. Sauti ya binti, safi kabisa, akauliza kama tupo salama. Mimi, unanijua, nikamwitikia, nikamwamkia, nikamuuliza habari za kwao na kama wameshakula. Baba yako ananikonyeza nimjibu alichouliza. Yule binti alikuwa na subira, Mungu ambariki. Aliuliza kama kuna anayetokwa na damu, kama shingo zinageuka, akaniambia nipumue pole pole, na hakukata hadi gari la kuvuta lilipofika. Nilitulia kwa sauti yake kama mtoto anayebembelezwa. Mwishoni nikamwomba asikuambie. Akasema, kwa huruma, kwamba taarifa ilikwisha kukufikia yenyewe.

Kwa hiyo sitaki udhani naidharau huduma hii uliyotuwekea garini. Najua kwa nini uliilipia. Mjomba wako alilala korongoni na gari lake usiku kucha, na kama kungekuwa na sauti kama ile ya kumuuliza yu hali gani, labda leo ningekuwa na kaka. Nilimfikiria pale mtaroni. Malipo yenyewe, nilipokuuliza ni kiasi gani, ulibadili mazungumzo, nikajua si haba. Nikasema moyoni, mwanangu ananunua usingizi wake.

Lakini nisikilize upande wa pili. Mdogo wako naye ameiweka kwenye simu yake, na jana aliniuliza mbele ya wateja nilikuwa nafanya nini saa mbili nzima kwa msusi. Nina miaka sitini na moja! Nilimzaa mwenyewe, leo ananidai maelezo ya nywele zangu.

Hilo ni la kucheka. La bima si la kucheka. Walimwandikia baba yako kwamba mwenendo wake barabarani hauridhishi na malipo yatapanda. Sisi hatukuwaambia neno. Gari ndilo lililokwenda kusema. Barua yenyewe nilimsomea mimi, kwa kuwa herufi zile hazioni tena. Akaniomba nisome mara ya pili. Mtu ambaye hajawahi kukwaruza hata bampa! Angeweza kuwajibu kwamba anayefunga breki ni mkewe anayejifunza, lakini alihofia kwamba habari itakufikia. Akaikunja akaitia mfukoni. Hilo lilinichoma, Kasuku, na bado linanichoma. Kesho nawajibu mimi, kwa jina langu.

Na wewe pia uliiamini ile karatasi ya Jumatatu kabla ya kutuuliza. Sikulaumu sana, maana hata sisi tulikuficha. Tuseme tumekosa wote.

Moja linanichanganya, nikuambie ukweli. Ile honi. Bibi Mdogo akitoka shule anachukua simu yako na kulipigisha gari honi huku kwetu, mara mbili, pii pii. Baba yako akiisikia hutoka nje na kandambili zake, analipungia gari mkono na kulijibu kwa sauti, majirani wanatazama. Hiyo sitaki ikatwe kwa sababu yoyote.

Basi ombi langu ni hili. Waulize hao wenye huduma kama wanaweza kutuuzia msaada bila umbea. Yule binti wa sauti abaki, honi ibaki. Ramani ya nilikopita, alama, ripoti ya Jumatatu, hayo wayafunge, na wasimpe mtu wa bima wala yeyote habari zetu. Wakikuambia vinauzwa pamoja au havipo, uamuzi ni wako, kwa kuwa gari ni lako na fedha ni zako. Ila ukitaka kujua nilikuwa wapi, niulize. Nitakuambia hata rangi ya viti vya msusi.

Nilikaribia kulisahau lililo zuri! Juzi Ijumaa nimepata leseni. Kwa mwezi mzima baba yako alinikabidhi kwa mwanafunzi wake wa zamani mwenye shule yake, anitembeze barabarani, kwa sababu alisema mwalimu asiyeona kibao hana haki ya kumpeleka mtu kwenye magari. Mtahini naye ni mwanafunzi wake. Nikadhani nitapendelewa. Thubutu! Alinirudisha kwenye kile kilima mara tatu. Nilipotoka na karatasi yangu, baba yako alikuwa amesimama kwenye geti akitazama upande usiofaa, nikamshika mkono. Alilia, mwanangu. Akasema ni vumbi.

Nisalimie mkwe wangu na mama yake mzazi, mwambie gauni lake liko tayari, limebaki vifungo. Nisalimie rafiki yako wa maabara aliyenitumia miwani ya kusomea. Bibi Mdogo mbusu mashavu yote mawili. Mdogo wako anakusalimu, ingawa sisemi naye hadi aombe radhi. Baba yako anakusalimu sana na anasema usipande ndege. Mungu awafunike kwa mkono wake, kazi zenu ziwe na baraka, na mlango wenu usipitiwe na shari.

Neno moja kabla sijafunga bahasha. Alhamisi ya tarehe ishirini, baba yako anafanyiwa upasuaji wa jicho la kulia. Hospitali iko ng'ambo ya mji, kwa barabara kuu yenye malori, na sijawahi kuendesha huko. Mdogo wako amejitolea kutupeleka, lakini baba yako amekataa. Anasema anataka kupelekwa na dereva aliyemfundisha mwenyewe.

Kwa hiyo usifunge chochote kabla ya siku hiyo. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa za huku, fungua simu yako, utaona kile kinukta kinatoka getini. Kitakwenda pole pole, na huenda kikasimama ghafla. Ujue kalamu imegonga. Mimi nitakuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili na baba yako hataona njia, kwa hiyo hakuna atakayeweza kukupigia. Tusindikize, mwanangu, hadi utuone tumeegesha. Naogopa sana. Nikijua unatutazama, nitamfikisha.

Akupendaye kwa moyo wote,
Mama yako.